Mtaji mdogo, deni la kila siku: swali kutoka Kwedizinga



Miongoni mwa maswali yaliyotufikia karibuni, lipo moja ambalo tuliona halifai kujibiwa kwa mistari mitatu kama tulivyozoea. Limetoka Kwedizinga, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Aliyeliandika ni dada yetu mzaliwa wa Pemba, ameolewa huko bara, na anauza dagaa wakavu wanaotoka visiwani pamoja na khanga chache siku za gulio. Alichukua mkopo wa shilingi 200,000. Mkononi alipokea 190,000, kwa kuwa 10,000 zilikatwa papo hapo kwa jina la fomu. Alitakiwa arejeshe 8,000 kila siku kwa siku 30. Alipofika siku ya kumi na kitu alikwama, akachukua mkopo wa pili kwa mtu mwengine ili alipe wa mwanzo. Sasa cherehani yake imechukuliwa, na mumewe hajui kwa nini haipo nyumbani.

Anauliza mambo mawili. La kwanza, je, analazimika kisheria ya dini kulipa ile ziada? La pili, kaka yake aliyeko Unguja yuko tayari kumpelekea shilingi milioni moja afufue biashara, kwa sharti la kumrejeshea 50,000 kila mwezi mpaka hapo atakapoitaka milioni yake. Je, hiyo ni halali?

Tutayajibu yote mawili, lakini kwanza tulitazame jambo lenyewe, maana si la dada mmoja. Ni mikopo ambayo Watanzania wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo halikutoka kwa masheikh wala kwa wachumi. Limetoka kwa waliokopa.

Tupige hesabu. Mara thalathini 8,000 ni 240,000. Kwa pesa 190,000 alizozipokea, ziada ni 50,000, yaani zaidi ya asilimia 26 kwa mwezi mmoja. Hapo bado hatujasema ukweli wote, kwa sababu hakukaa na hizo 190,000 mwezi mzima. Alianza kuzirejesha kesho yake. Siku ya 12 alikuwa ameshatoa 96,000, zaidi ya nusu ya alichopewa, na mzigo wa dagaa pengine bado haujauzika hata robo. Kwa maneno mengine alikuwa anaukata mtaji kwa kisu chake mwenyewe kila jioni.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana za watu, wakiwemo watu binafsi, wako daraja la pili, na hawaruhusiwi kufanya kazi bila ya leseni ya Benki Kuu. Ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu kwa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 200,000 hiyo ni 7,000. Dada yetu alitozwa 50,000, zaidi ya mara saba ya ukomo huo. Hatusemi kwamba hiyo asilimia 3.5 ni halali kwa Muislamu. Riba ni riba, ikiwa nyingi au chache, na aya za Suratul Baqara kuanzia ya 275 hazikuacha mlango hapo. Tunachosema ni kwamba hata ile sheria ya nchi inayoruhusu riba imekiona kitendo hiki ni dhulma. Basi asiwepo mtu wa kumwambia dada huyu kwamba amekataa kulipa kwa sababu ya ukali wa dini tu.

Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila ya idhini, na ikawataka wananchi wajiepushe nazo. Wengi wetu tunakumbuka udhia wake: mtu amekopa 30,000, akichelewa siku mbili ujumbe unatumwa kwa mama mkwe, kwa mwalimu mkuu na kwa imamu wa msikiti, kwa sababu programu ilishachukua majina yote yaliyomo kwenye simu. Hapa visiwani tumeyaona. Huko Handeni na Korogwe mkopeshaji mara nyingi si simu, ni kijana mwenye pikipiki na daftari, anayepita sokoni saa kumi jioni.

Kwa nini watu wanaojua kwamba ni riba, na wanaojua kwamba itawaumiza, wanaendelea kuichukua? Tusiwe wepesi wa kusema ni udhaifu wa imani.

Korogwe ni mji wa njia kuu. Reli ya Tanga ilipita hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, mashamba ya mkonge yakauzunguka, na leo mabasi ya Moshi na Arusha yanapita usiku na mchana. Pesa za hapo zinazunguka kila siku: anayeuza chai stendi anapata chake leo. Ukiishika barabara ya lami ya kilomita 65 kuelekea Handeni, hali inabadilika. Huko uchumi unakwenda kwa mvua. Zipo mvua za masika na za vuli, na mwaka zinapokosa kunyesha vizuri, kama Handeni inavyojua sana, mkulima hana cha kuuza wala cha kununulia. Mteja wa dagaa hununua siku ya gulio, au hukopa akaahidi kulipa mahindi yakikauka. Kwa hiyo biashara ya dada yetu inaingiza pesa kwa wiki na kwa msimu, na deni lake linadai kwa siku. Hata kama lisingekuwa na riba hata senti moja, deni la kila siku lisingefaa kwa biashara ya kila wiki. Hili ndilo tunalotaka kila mwenye genge, mwenye kibanda na mama lishe alitafakari kabla ya kutia dole gumba kwenye karatasi: pesa yangu inaingia lini, na huyu anaitaka lini?

Kuna jengine la wakati huu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, njia yake inapita Handeni na Korogwe. Ujenzi wa namna hii huleta wafanyakazi, na wafanyakazi wanakula, wanapanga vyumba, wananunua vocha na sabuni. Ni rizki, na hakuna ubaya kuikimbilia. Lakini wateja hao wana siku ya kuondoka. Aliyepanua mgahawa kwa mkopo wa mwaka mzima kwa kutegemea wateja wa miezi sita, mkataba ukimalizika atabaki na viti. Ushauri wetu ni kwamba faida ya wateja wa kupita ijenge kitu kinachobaki, kama mashine, mifugo au kulipa madeni ya zamani, na isichukuliwe kuwa ndiyo kipato cha kawaida.

Turudi kwenye njia za halali, maana kusema "haramu" na kuondoka ni rahisi.

Upo mkopo usio na riba kabisa, na wengi wa ndugu zetu bara hawauhesabu kuwa ni neema. Halmashauri za Tanzania Bara zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya kukopesha vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023 na ukarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Mikopo hiyo haina riba. Kwa lugha ya fiqhi hii ni karibu sana na qardhi hasan, ingawa anayeitoa ni serikali na hakuiita hivyo. Mlango wa kuingilia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kinatakiwa kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti na chenye shughuli inayoonekana. Ni kweli kuna usumbufu: kuna kusubiri, kuna wanaojuana, na kuna vikundi vinavyoundwa asubuhi na kufa jioni pesa zikishagawanywa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zimekuwa zikirudia hoja ya mabilioni yasiyorejeshwa. Na hapa tuseme wazi kwa Waislamu wenzetu: anayeikimbia riba kwa kuogopa Allah (S.W.T.), kisha akachukua mkopo huu na asiurejeshe kwa kuwa "ni pesa za serikali", amekula amana ya watu wa wilaya nzima. Wa hapa visiwani nao wanao Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, na waulize huko masharti ya kila mfuko kabla ya kutia saini.

Kwa mtaji mkubwa kidogo zipo benki. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayofanya kazi yote kwa misingi ya Kiislamu, na mwaka huohuo PBZ ilifungua huduma zake za Kiislamu hapa Zanzibar. Wao hawakupi pesa taslimu ukanunue utakalo. Kwa njia ya murabaha benki inainunua mashine ya kusaga, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana, nawe unalipa kwa awamu. Bei haipandi ukichelewa. Anayesema "ni riba ileile imevishwa kanzu" na aulize benki ilimiliki mashine lini. Ikiwa haikuimiliki hata dakika moja, basi ana haki ya kutia shaka.

VICOBA ni suala linaloulizwa kila mwezi. Kukusanya hisa pamoja ni jambo jema. Tatizo liko pale mwanachama anapokopa 100,000 na kurejesha 110,000, hata kama wanasema riba inarudi kwetu wenyewe. Wanachuoni wengi hawakukubali hoja hiyo, kwa sababu aliyebanwa mwezi huu ndiye anayemlipa aliyekuwa na nafasi. Upatu wa kawaida, kila mtu anatoa sawa na kupokea sawa kwa zamu, hauna tatizo hilo. Na kikundi kinachotaka faida kiifanye biashara kwa pamoja: kinunue magunia ya mahindi wakati wa mavuno Handeni, kiyaweke vizuri, kiyauze baadaye kwa bei ya soko bila ya kuwabana watu, kisha faida igawanywe kwa hisa.

Sasa swali la kaka wa Unguja. Nia yake ni njema na tunamuombea kheri. Lakini 50,000 kwa mwezi juu ya milioni moja ni asilimia 5, yaani ndugu wa damu anaomba zaidi ya kile ambacho Benki Kuu inamruhusu mkopeshaji mwenye leseni. Na kwa upande wa dini, kumpa mtu mtaji ukabakishiwa mtaji wako salama, ukapewa na kiwango maalumu kila mwezi awe amepata au amekosa, hiyo ni riba, hata ikiitwa shukurani.

Mkataba unaowafaa ni mudharaba. Ni mkataba wa zamani, Mtume (S.A.W.) kabla ya utume alifanya biashara ya Sham kwa mali ya Bibi Khadija (R.A.). Kaka atoe mtaji, dada atoe kazi. Wakubaliane fungu la faida, si kiasi: nusu kwa nusu, au theluthi moja na theluthi mbili, vyovyote watakavyoridhiana. Ikitokea hasara bila ya uzembe wala kwenda kinyume na walivyokubaliana, kaka amepoteza mali na dada amepoteza nguvu zake. Nauli ya boti, ushuru na gunia vinatolewa katika mtaji, ila vyakula vya nyumbani havitolewi. Na hapa ndipo mikataba mingi ya ndugu inapoharibikia: dada anachukua dagaa za mboga kila siku bila ya kuandika, kaka anapiga simu kila Ijumaa kuuliza "yangu iko wapi", na mwisho wa mwaka watu hawaalikani harusini. Waandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Kuandikiana na ndugu si kumvunjia heshima. Ni kuulinda udugu.

Kuandika kuna faida hata kwa mtoza kodi. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 kwa mfanyabiashara mdogo, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayakuwekewa kodi hiyo ya mapato. Aliye kati ya milioni 4 na 7 hulipa 100,000 ikiwa hana kumbukumbu, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 na daftari lake safi analipa 30,000. Jirani yake mwenye mauzo hayohayo asiyeandika kitu analipa 100,000. Daftari la shilingi elfu moja na kalamu limemwokolea 70,000. Na asiyejua mauzo yake ya mwaka atajuaje zaka yake?

Kwa wafanyabiashara wa visiwani wanaonunua kutoka huko, yapo mawili ya kuangalia. Machungwa ya Tanga mengi yanavuka bahari kuja kwetu, na ipo tabia ya mlanguzi kumfuata mkulima mti ukiwa katika maua, akamlipa bei ndogo kwa sababu mkulima ana njaa ama ana karo ya skuli. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kufaa kwake, akamkataza muuzaji na mnunuzi. Subirini yapevuke, au mnunue kwa pishi au kwa kilo yakishachumwa. Mahindi yana mlango mwengine, nao ni salam: mnunuzi anamlipa mkulima bei yote leo, ili apewe gunia kadhaa za uzito maalumu, za aina maalumu, kwa tarehe maalumu. Salam haifungwi kwa shamba fulani au mti fulani, maana shamba hilo linaweza kukosa; mkulima anadaiwa mahindi yenye sifa zilizotajwa, popote atakapoyapata. Wanachuoni wameijuzisha kwa sababu inamfaa mkulima anayehitaji pesa za jembe na mbegu, na kwa hakika mfanyabiashara wa Unguja anayewalipa wakulima wa Handeni mapema kwa bei ya haki anawaepusha na yule kijana wa pikipiki. Lakini uzito uwe uzito. Gunia la lumbesa, lililoshonewa nyongeza juu likapita kilo 100, limekatazwa na sheria ya vipimo ya nchi, na Suratul Mutaffifin imeshatangulia kuwaonya wanaojipimia kwa kuzidisha wanapochukua na kupunguza wanapotoa.

Tumalizie na dada yetu.

Alichokipokea mkononi ni deni la haki na lazima kilipwe, hata kwa mkopeshaji dhalimu. Ziada ya riba haimo katika dhima yake kwa Mola wake. Ikiwa atalazimishwa kuilipa na hana namna ya kujikinga na dhara, atailipa hali ya kuchukia na dhambi ni ya aliyeichukua. Juu yake ni kutubu kwa kuingia mwanzo na kutorudi. Lakini kabla ya kulazimishwa ana hatua za kuchukua. Ahesabu yote aliyokwisha kulipa, siku kwa siku, kwa kila mkopo, maana inawezekana deni asili la mwanzo limeshamalizika. Aombe kuoneshwa leseni ya Benki Kuu na nakala ya mkataba. Aende kwa mtendaji wa kata akiwa na mtu mzima wa kumsindikiza, kuhusu cherehani iliyochukuliwa, na asisite kwenda polisi ikiwa mkopeshaji hana leseni. Asichukue mkopo wa tatu.

Mumewe amwambie. Tunajua ni zito, na tunawanasihi waume wanaotusoma kwamba mke anapoleta habari ya deni, kelele hazilipi hata shilingi. Allah (S.W.T.) ameamrisha aliye katika dhiki apewe muda hata na mdai wake, sembuse mume wake.

Na kaka yake wa Unguja, kabla ya milioni ya mudharaba, atazame zaka yake. Wenye madeni, algharimin, wametajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki. Dada aliyeolewa hayuko katika wale ambao kaka analazimika kuwalisha, kwa hiyo kwa kauli ya wanachuoni wengi anaweza kumpa zaka yake alipe deni asili alilobaki nalo, maadamu ametubu na hana cha kulipia. Aitume kwa kiasi cha deni hilo tu, na ikiwezekana ilipwe mbele ya mashahidi na risiti ichukuliwe. Cherehani ikisharudi nyumbani, ndipo wakae waandike mkataba wa dagaa.

Wallahu a'lam.